Kumbukumbu ya unga haifutwi kwa kukemewa

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wazazi, walimu, wauguzi na viongozi wa mitaa.

Katika mitaa ya Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa limezoeleka tukio moja ambalo huwavunja moyo wazazi pengine kuliko msiba. Kijana aliyekuwa akitumia heroini, ambayo watu huiita unga, hupelekwa mahali pa kutibiwa. Hukaa huko miezi minne au sita. Mwili hunawiri, macho hupata nuru, maneno yake huwa ya mtu mwenye adabu, naye huapa mbele ya mama yake na mbele ya Mungu kwamba mambo yale yamekwisha. Siku ya kurudi nyumbani hupikwa pilau. Wiki mbili hazipiti, kijana huonekana tena kwenye maskani ile ile, pamoja na watu wale wale, amesinzia kwa mkao ule ule. Hapo ndipo maneno yanapoanza: huyu mkaidi, huyu hana shukrani, sikio la kufa halisikii dawa.

Maneno hayo ni mepesi kusemwa, na yana sehemu yake ya ukweli, kwani hakuna aliyemfunga kijana kamba akamkokota hadi maskani. Hata hivyo hayajibu swali lenyewe. Mtu huyu amekwisha kupita siku za arosto, yaani maumivu ya mwili uliokosa unga. Hatetemeki wala hatapiki tena. Ameona kwa macho yake wenzake wakizikwa. Kwa nini basi arudi?

Jibu ambalo limepatikana polepole, katika utafiti wa miaka zaidi ya sabini, ni kwamba kinachomrudisha ni kumbukumbu. Na kumbukumbu hiyo si kivuli kinachoelea hewani. Imo ndani ya ubongo, imeandikwa katika namna chembe za ubongo zinavyopelekeana habari. Asiyelijua jambo hili hupoteza fedha nyingi na machozi mengi akitibu mwili, huku ugonjwa ukiwa umejificha mahali pengine.

CHEMBE ZINAVYOPELEKEANA HABARI

Ubongo wa mtu mzima una chembe za fahamu zipatazo bilioni 86. Kila chembe hupeleka habari kwa umeme mdogo unaokimbia ndani ya mkia wake mwembamba. Umeme huo ukifika mwisho wa mkia hukuta upenyo mwembamba mno unaoitenga chembe hiyo na jirani yake. Kwa kawaida umeme hauruki upenyo huo. Mfano wake ni wa msafiri anayefika Magogoni kwa basi: hana budi kushuka, kupanda pantoni, na kuendelea na safari yake akifika Kigamboni. Pantoni hapa ni kemikali. Chembe ya kwanza humwaga kemikali, kemikali huvuka upenyo na kushikana na vipokezi vilivyo ng'ambo, na chembe ya pili huanzisha umeme wake au huuzuia.

Kemikali za namna hii ni nyingi, lakini kwa habari ya uraibu mbili zinafaa kutajwa mwanzo. Ya kwanza ni glutamati, ambayo hubeba sehemu kubwa ya habari za kila siku: hiki ni kichochoro fulani, hii ni sauti ya fulani. Ya pili ni dopamini. Hii hutolewa na chembe chache zilizoko chini katikati ya ubongo, ambazo mikia yake hutawanyika hadi sehemu nyingi za mbele. Dopamini haielezi jambo lenyewe ni lipi. Kazi yake hasa ni kama ya karani mwenye mhuri. Hupiga mhuri juu ya habari zilizopita wakati huo na kuamuru: hili ni muhimu, lihifadhiwe.

Kuhifadhi huko hufanyikaje? Mwaka 1973 wataalamu wawili, Timothy Bliss na Terje Lømo, walitangaza matokeo ya kazi waliyoifanya Oslo, nchini Norway, kwa kutumia sungura. Waliuamsha mkondo mmoja wa chembe kwa mapigo ya haraka ya umeme. Baada ya hapo pigo dogo tu lilileta mwitikio mkubwa kuliko zamani, na hali hiyo ilidumu kwa saa nyingi. Chembe zilikuwa zimezoeana. Ni kama njia ya miguu inayokatiza shambani: siku ya kwanza majani hulala kidogo, siku ya mia moja pana ukanda mweupe ambao kila mpita njia anaufuata bila kufikiri. Hivi ndivyo mtoto anavyojifunza kusoma, mvuvi anavyojua mwamba uliko, na mama anavyotambua kilio cha mwanawe kati ya vilio kumi. Huu ndio mtambo ule ule ambao unga huuteka.

KUTAKA SI KUPENDA

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba dopamini ni kemikali ya raha. Dhana hiyo ilipata nguvu mwaka 1954, wakati James Olds na Peter Milner walipofanya majaribio mjini Montreal, Kanada. Walipachika waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya na kumwezesha panya mwenyewe kubonyeza kitufe na kujipa umeme kidogo. Panya walibonyeza mamia kwa mamia ya mara kwa saa. Watu wakasema kwamba kiini cha raha kimegunduliwa.

Uchunguzi wa baadaye uliirekebisha dhana hiyo. Mtaalamu Wolfram Schultz, aliyefanya kazi Fribourg huko Uswisi, alisikiliza chembe za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa tone la maji ya matunda. Mwanzoni chembe ziliamka pale tone lilipofika kinywani. Taa ilipowashwa kila mara kabla ya tone, chembe ziliacha kulijali tone, zikaanza kuamka pale taa ilipowaka. Na taa ilipowaka kisha tone lisije, chembe zilinyamaza kuliko kawaida, katika sekunde ile ile ambayo tone lilitarajiwa. Kwa hiyo dopamini haikuwa ikihesabu raha. Ilikuwa ikilinganisha kilichotarajiwa na kilichokuja, na ikifundisha ni ishara ipi inayotangulia kitu chema. Maelezo ya jambo hilo yalichapishwa mwaka 1997 na yamekuwa msingi wa elimu hii.

Kabla ya hapo, mwaka 1993, Terry Robinson na Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walieleza kwamba kutaka na kupenda ni mambo mawili ndani ya ubongo, na kwamba kinachovimba katika uraibu ni kutaka. Yeyote aliyewahi kuketi na mtumiaji wa miaka kumi amelisikia hilo bila kuhitaji maabara. Mtumiaji huyo husema kwamba raha iliondoka siku nyingi, na bado usiku haupiti kabla hajautafuta unga. Anakitaka kitu asichokipenda tena.

Sasa unga hufanya nini? Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini, na mofini hushika vipokezi ambavyo mwili umeviweka kwa ajili ya kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Vipokezi hivyo vimo pia katika chembe ndogo zenye kazi ya kuzizuia chembe za dopamini zisimwage ovyo. Chembe hizo ni walinzi wa ghala. Unga huwalewesha walinzi, na mlango hubaki wazi. Chakula, sifa njema au habari za furaha huamsha dopamini, lakini jambo likishazoeleka dopamini hutulia, kwani hakuna jipya la kujifunza. Unga hauzingatii kanuni hiyo. Kila ukiingia, mlango hufunguliwa kwa nguvu, na ubongo hupiga mhuri tena na tena kana kwamba jambo kubwa limetokea ambalo halijawahi kutokea duniani.

Wala haihitajiki miaka ili chembe zianze kubadilika. Mwaka 2001 ilionyeshwa nchini Marekani kwamba dozi moja tu ya kokeini ilitosha kuimarisha miungano ya glutamati iliyo juu ya chembe za dopamini za panya, na uimara huo ulionekana bado siku ya tano. Kijana anayesema "nionje mara moja tu" huenda asiwe mraibu. Lakini ubongo wake hauhesabu kwamba hakuna kilichotokea.

KUMBUKUMBU INA ANWANI YAKE

Mhuri ukishapigwa, haupigwi juu ya unga peke yake. Hupigwa juu ya vyote vilivyokuwapo: kichochoro, kiberiti, harufu ya moshi, sauti ya rafiki akipiga mluzi, noti iliyokunjwa mkononi, saa ya magharibi. Sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi hushika habari za mahali. Sehemu iitwayo amigdala hushika uzito wa hisia. Habari hizo husafirishwa kwa glutamati hadi kituo kiitwacho nukliasi akambensi, ambapo hukutana na dopamini na kugeuzwa kuwa mwendo wa miguu. Ndiyo maana wengi waliorudia hawasemi kwamba waliamua. Husema kwamba walistukia wamekwisha kufika.

Mwaka 1935 Serikali ya Marekani ilifungua karibu na mji wa Lexington, jimbo la Kentucky, hospitali kubwa ya waraibu ambayo ilikuwa pia gereza. Wagonjwa walikaa huko miezi mingi mbali na unga, wakilima na kufanya kazi. Walio wengi walipotoka walirudia. Daktari Abraham Wikler, aliyefanya kazi hapo, aliona jambo lililomshangaza. Wagonjwa waliokuwa hawajagusa dawa kwa miezi, walipoketi pamoja na kuzungumza habari za unga, walianza kupiga miayo, kutokwa machozi na kamasi, dalili zile zile za arosto. Maneno matupu yalikuwa yameuamsha mwili. Wikler akaeleza kwamba mwili ulikuwa umefundishwa, kama mbwa wa Ivan Pavlov walivyofundishwa kutokwa mate kabla chakula hakijawafikia, na kwamba mgonjwa anayerudi mtaani kwake anarudi kwenye darasa alilofundishiwa.

Ushahidi mwingine ulitokana na vita. Mwezi Mei 1971 wabunge wawili wa Marekani waliokwenda Vietnam walirudi na habari kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya askari wa nchi yao huko walikuwa wamenaswa na heroini. Hofu ilikuwa kubwa. Ikaamriwa kwamba kila askari apimwe mkojo kabla ya kurejea kwao. Mtaalamu Lee Robins alipewa kazi ya kuwafuatilia askari waliorudi mwezi Septemba mwaka ule. Kiasi cha asilimia 20 walieleza kwamba walikuwa waraibu walipokuwa Vietnam. Lakini kati ya hao, asilimia 5 tu ndio walionaswa tena katika miezi kumi ya kwanza nyumbani, na hata baada ya miaka mitatu waliorudia, japo kwa muda mfupi, walikuwa asilimia 12.

Tofauti ya Lexington na Vietnam ina fundisho. Wa Lexington alitibiwa ugenini, kisha akarudishwa mahali alipozoea unga. Askari alizoea unga ugenini, kisha akarudishwa mahali ambapo hapakuwa na hata kona moja inayomkumbusha. Kweli, ziko sababu nyingine. Askari wengi walikuwa na kazi na jamaa waliowangoja, na heroini ya Marekani ilikuwa ghali na hafifu kuliko ile ya Vietnam. Kwa hiyo haifai kudai kwamba mahali ndiyo sababu pekee. Lakini anayepanga matibabu bila kuuliza mgonjwa atarudi wapi, amepanga nusu ya kazi.

KUKAA MBALI PEKE YAKE HAKUTOSHI

Baadhi ya watu hufikiri kwamba muda utamaliza yote: kijana afungiwe mbali, asahau, arudi mtu mpya. Hapa ubongo una kanuni mbili ambazo haziafikiani na fikra hiyo.

Kanuni ya kwanza ilionekana tangu siku za Pavlov. Mbwa aliyezoeshwa kengele na chakula, akisikia kengele mara nyingi bila chakula, huacha kutokwa mate. Lakini fundisho la kale halikufutwa. Limefunikwa na fundisho jipya. Na fundisho jipya ni dhaifu kwa namna hii: linashikamana sana na mahali lilipopatikana. Panya waliofundishwa katika chumba kimoja kwamba kitufe huleta dawa, kisha wakafundishwa katika chumba kingine kwamba kitufe hakileti kitu, wakirudishwa chumba cha kwanza hubonyeza tena. Kijana katika nyumba ya matibabu amejifunza kwamba hapa hakuna unga. Hajajifunza lolote kuhusu maskani yake. Kule, kumbukumbu iko kama alivyoiacha.

Kanuni ya pili ni ya ajabu zaidi. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani walichapisha majaribio juu ya panya waliozoeshwa kokeini, kisha wakanyimwa. Ilitazamiwa kwamba hamu yao mbele ya taa na kitufe vilivyoambatana na dawa ingepungua siku hadi siku. Kinyume chake iliongezeka, na baada ya siku 60 ilikuwa kubwa kuliko siku ya kwanza. Hamu ilikuwa ikiatamiwa kama yai. Miaka saba baadaye ilionekana kwamba katika kipindi hicho chembe za nukliasi akambensi huingiza vipokezi vya glutamati vya aina nyingine, vyenye kuitikia kwa nguvu zaidi. Kwa maneno mengine, wakati familia inashukuru kwamba mtoto ametulia, chembe zake huenda zinanoa masikio. Jambo hili halina maana kwamba matibabu ni bure. Maana yake ni kwamba siku ya kutoka si siku ya ushindi, bali ni siku ambayo ulinzi unatakiwa kuwa mkali kuliko siku zote.

Yapo pia maumivu ya nafsi. Mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, iko sehemu inayofanya kazi ya breki: hupima, hukumbusha matokeo, huzuia mkono. Njaa, usingizi mchache, hofu na fedheha huilegeza breki hiyo, na kemikali zitokanazo na dhiki huiamsha hamu yenyewe. Basi mama anayemwambia mwanawe kila asubuhi kwamba hana faida duniani, anadhani anamkanya. Kumbe anazidi kumsogeza maskani. Fedheha haijawahi kufuta kumbukumbu. Kazi yake kubwa ni kumpa mgonjwa sababu ya kuitafuta dawa ya fedheha.

HATARI YA KIFO

Sehemu hii haina budi kusikilizwa na kila mzazi. Mwili uliozoea unga hujitayarisha kuupokea. Ukiona dalili za mahali pa kawaida, huanza mapema kupambana na nguvu za dawa. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walilithibitisha jambo hili. Panya waliozoeshwa heroini walipewa dozi kali. Waliopewa katika mazingira waliyoizoea heroini, walikufa asilimia 32. Waliopewa dozi ile ile katika mazingira mageni, walikufa asilimia 64. Panya ambao hawakuwahi kuizoea heroini walikufa asilimia 96.

Mtu aliyetoka kwenye matibabu au kifungoni amepoteza sehemu kubwa ya mazoea ya mwili wake, lakini kumbukumbu ya kiasi alichokuwa akitumia hajaipoteza. Mkono hupima dozi ya zamani, na kifua kilichosahau hukipokea kipimo hicho kama kifua cha mgeni. Pumzi hupungua, midomo hugeuka rangi, mtu hulala asiamke. Basi akikutwa hali hiyo asiachwe alale kwa kudhaniwa kwamba amelewa tu. Hospitali ndiyo mahali pake, tena upesi. Iko dawa iitwayo naloksoni ambayo huing'oa heroini kwenye vipokezi katika muda wa dakika chache. Aibu ya jirani kujua isiwe sababu ya kuchimba kaburi.

JE, KUMBUKUMBU INAFUTIKA?

Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux, wakifanya kazi New York, walionyesha kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa katika panya hulainika kwa muda, na lazima chembe ziijenge upya kwa protini mpya. Ikizuiwa katika muda huo, hudhoofika. Mwaka 2012 wataalamu wa Beijing, China, waliitumia kanuni hiyo kwa watu waliowahi kuwa waraibu wa heroini. Waliwaonyesha picha fupi za unga ili kuiamsha kumbukumbu, wakangoja dakika 10, kisha wakawaonyesha picha hizo mara nyingi bila unga. Hamu ya watu hao ilipungua, na ilikuwa bado imepungua walipopimwa baada ya siku 180. Hayo ni matumaini makubwa, lakini chumba cha majaribio si mtaa, wala hamu iliyopimwa kwa picha si maisha yote ya mtu. Asijitokeze mganga kuuza ufutaji wa kumbukumbu.

Dawa ambayo imekwisha kupimwa kwa miaka mingi ni methadoni. Daktari Vincent Dole na Daktari Marie Nyswander waliianzisha kama tiba ya uraibu wa heroini mjini New York katikati ya miaka ya 1960. Methadoni hushika vipokezi vile vile, ila huvishika taratibu na kwa muda mrefu. Anayeinywa kwa kipimo cha daktari halewi, wala haingii arosto. Kwa habari ya kumbukumbu faida yake ni kubwa: hamu hupungua makali, na hata mtu akiteleza akatumia heroini, hukuta vipokezi vimekwisha kushikwa, na ule mhuri wa zamani haupigwi kwa nguvu yake. Mwezi Februari 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na baadaye huduma hiyo ikafika Mwananyamala, Temeke na kwingineko. Mgonjwa hufika kila siku na kuinywa mbele ya muuguzi, maana nayo ni dawa kali isiyofaa kuchezewa.

Wako wanaobeza kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Hao waulizwe: mtu anayekunywa dawa yake asubuhi, akaenda kazini, akarudi na unga wa sembe kwa watoto wake badala ya ule unga mwingine, amebaki mlevi kwa kipimo gani?

YANAYOPASA KUFANYWA

Ndugu wananchi, neno uraibu halikuletwa na heroini. Wazee wa pwani walilitumia tangu zamani kwa mazoea ya tambuu na tumbaku, wakijua kwamba mazoea yana taabu. Wahenga nao walisema mazoea yana tabu, na chembe za ubongo zimethibitisha kauli yao. Kutokana na hayo yaliyoelezwa, mambo manne yanajitokeza.

Kwanza, kabla mgonjwa hajatoka, familia iulize atakwenda wapi. Kama yuko shangazi mkoani au mjomba mwenye shamba, miezi ya mwanzo ipitishwe huko. Asiye na pa kwenda apangiwe njia nyingine ya kutoka nyumbani isiyopita maskani, asikae na fedha taslimu mkononi, na saa ile ya magharibi apewe kazi maalumu pamoja na mtu wa kufuatana naye.

Pili, apatiwe kazi. Kazi si adhabu wala si zawadi. Ni njia mpya ya miguu inayokanyagwa kila siku hadi majani ya njia ya kale yaanze kuota. Fundi seremala anayekubali kumpokea kijana wa namna hii anatibu sawa na daktari.

Tatu, akiteleza, asihesabiwe kwamba amerudi sifuri. Aulizwe alikuwa wapi, na nani, saa ngapi, alihisi nini kabla ya hapo. Majibu hayo ni ramani ya kumbukumbu yake, na bila ramani hakuna atakayejua pa kuweka ulinzi. Anayepokelewa kwa fimbo atajifunza kitu kimoja tu: kuficha.

Nne, kueleza sababu si kufuta wajibu. Mwenye malaria hulaumiwi kwa homa, lakini hulaumiwa akikataa vidonge. Vivyo hivyo mraibu hakuchagua jinsi chembe zake zilivyoandika, ila kila asubuhi ana uamuzi wa kufika kliniki au kutofika, wa kupita njia hii au ile. Uamuzi huo ni wake, na heshima yake kama mtu imo humo. Jamii ina wajibu wa kuhakikisha kwamba kliniki ipo, nauli inapatikana, na njia ya pili haijazibwa kwa matusi.

Kijana yule aliyepikiwa pilau, basi, hakuwa akidanganya alipoapa. Aliapa kwa sehemu ya ubongo inayopima na kukusudia, nayo ilisema kweli yake. Wiki mbili baadaye alipita kona, akasikia mluzi, na sehemu nyingine ya ubongo ule ule ikajibu kabla ya kiapo kuamka. Atakaporudishwa tena kutibiwa, apikiwe pilau siku ya kutoka kama mara ya kwanza, lakini kabla ya sahani kuwekwa mezani awe amekwisha kupatikana mtu wa kutembea naye hadi ng'ambo ya kona ile.